Biashara inaitwa Mzinga: nembo iwe mzinga wenyewe?

AsaliYaArua
Habari zenu wakubwa. Nauza asali hapa Arua, naipata kwa warina asali wa Yumbe. Biashara nimeiita Mzinga. Kijana anayenichorea nembo kaleta mzinga wa manjano wenye kichwa cha kuba, na nyuki pembeni. Mume wangu hataki. Anasema jina likishataja mzinga, picha iseme jambo jingine. Mimi nafikiria mteja asiyejua kusoma: atanitambuaje? Stika zinachapwa wiki ijayo.

FundiNasser
Dada, salamu kutoka Nasser Road, Kampala. Kuchapa lebo ndiyo kazi inayonilisha, na swali lako nalipenda. Kuchora jina si kosa hata kidogo. Apple ni tufaha. Shell wamechora kombe lile lenye mistari tangu 1904, na jina lenyewe lilitoka kwenye duka la familia ya Samuel kule London, waliokuwa wakiuza makombe ya baharini. Dereva asiyejua herufi hata moja anaingia kituoni kwa kuona kombe. Hapo shemeji umemshinda.

Ila kompyuta haina uhusiano na tufaha, wala petroli na kombe. Ndiyo maana wenzao hawakuwa na sababu ya kuchora vile vile. Wewe unauza asali, na kila muuza asali ana haki ya nyuki na mzinga. Simama mbele ya rafu yoyote ya asali hapa mjini uone nyuki walivyojaa.

Halafu huo mzinga wa kuba ni wa nani? Ni wa nyasi zilizosukwa, wa Ulaya ya zamani. Vijana wanauchota intaneti. Watu wako wa Yumbe wanatundika gogo lililotobolewa mtini. Chora gogo hilo, dada. Ni jina lako, ni kwenu, na hulikuti kwenye rafu.

Mkoboko
Gogo ni wazo zuri, lakini likiwa dogo si litaonekana ngoma? Au pipa?

FundiNasser
Litaonekana, kaka, likiwa peke yake. Rob Janoff alipochora tufaha la Apple mwaka 1977 alilimega upande mmoja, ili likipunguzwa watu wasidhani ni cheri. Kwa dada, kazi hiyo ifanywe na tawi na kamba: tawi juu, kamba mbili, gogo limelala, kitundu cha nyuki mwishoni. Rangi moja tu, nyeusi. Mwambie kijana achape ya ukubwa wa kifuniko, ibandike kwenye chupa, kisha umwite mtoto wa jirani umuulize anaona nini.

AsaliYaArua
Asante sana kaka. Nimempigia mmoja wa warinaji, kanitumia picha ya mzinga wake ukiwa kwenye mkwaju, na kijana nimemwambia aache ule wa manjano. Mume wangu kaiangalia picha hiyo muda mrefu, akasema huo sawa. Sasa jina niliandike chini, au picha inatosha?

FundiNasser
Liandike, tena kwa herufi nene. Jina la Shell lilikaa na kombe miaka mingi kabla kombe halijaachwa peke yake. Na kabla hujalipia stika, ulizia URSB, ofisi ya Uganda inayosajili biashara na alama zake, kama hakuna aliyekwisha kusajili Mzinga kwa asali.