Filamu ikimwonyesha mtawala akiwa binadamu, inamsafisha?

Mtazamaji wa Usiku:
Wanajukwaa, salaam. Juzi nimeitazama kwa mara ya pili Der Untergang, filamu ya Kijerumani ya mwaka 2004 inayosimulia siku za mwisho za Hitler katika handaki lake jijini Berlin. Bruno Ganz anamwigiza akiwa mtu aliyepinda mgongo, mkono wa kushoto ukimtetemeka huku akiuficha nyuma, naye akizungumza kwa upole na katibu muhtasi wake. Kwa dakika chache nilimhurumia, kisha nikajionea aibu. Je, mwongozaji anayetuonyesha utu wa mtu kama yule anatusaidia kumwelewa, au anamsafisha?

Kalamu Nzito:
Umeandika "utu", na nadhani hapo ndipo ulipojikwaa. Utu huonekana katika namna mtu anavyowatendea wenzake, ilhali mkono unaotetemeka ni maradhi tu, na maradhi hayamchagui mwema wala dhalimu. Filamu hiyo inatuonyesha udhaifu wake, lakini haifichi gharama yake: nje ya handaki watoto wanapewa silaha za kuulinda mji uliokwisha kushindwa, na ndani yake Magda Goebbels, mke wa waziri wa propaganda wa Hitler, anawaua kwa sumu watoto wake sita. Mwishoni anatokea Traudl Junge mwenyewe, yule katibu, akiwa mzee, na kukiri kwamba ujana wake haukuwa kisingizio cha kutojua. Ningeiita filamu ya kumsafisha mtu kama kamera isingetoka chumbani mwake hata mara moja.

Mama Sinema:
Ndugu Kalamu, nakubaliana nawe nusu. Udhaifu si hatari sana. Kinachonitisha mimi ni mvuto. Katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, Forest Whitaker, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, anamfanya Idi Amin awe mcheshi na mkarimu kiasi kwamba sisi watazamaji tunamcheka na kumpenda kabla hatujaanza kumwogopa, sawasawa na yule daktari kijana anayevutwa karibu naye. Huo ndio ukweli ambao hotuba za kulaani haziwezi kuufikisha, kwa sababu waliomfuata hawakudhani wanafuata zimwi. Kinachoniudhi ni kwamba daktari huyo Mskoti ni wa kubuni, na bado yeye ndiye anayebeba huruma yetu, huku Waganda waliouawa kwa maelfu wakibaki mandhari ya nyuma.

Msomaji wa Kale:
Tusisahau watawala wasio madhalimu, maana hao ndio hupambwa kwa urahisi zaidi. Katika The Queen, Helen Mirren akiwa Malkia Elizabeth anakwama na gari mtoni, anaketi peke yake na kulia, na kamera inabaki nyuma yake bila kutuonyesha uso. Mwongozaji amemwachia faragha yake, nasi tunaelewa zaidi kuliko ambavyo machozi yangetueleza. Linganisha na Darkest Hour ya mwaka 2017, ambapo Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, anapanda treni ya chini ya ardhi kusikiliza maoni ya abiria wa kawaida kuhusu vita. Safari hiyo imebuniwa, na imebuniwa kwa faida yake.

Mtazamaji wa Usiku:
Bi Mama Sinema, nimekuelewa. Basi huenda sikumhurumia yeye, bali nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha yule katibu.