Tupeane uzoefu: wewe unayefanyia kazi nyumbani hapa Nairobi, siku yako unaipangaje?

Mkazi wa Zimmerman
Jamani, stima imepotea saa nne asubuhi nikiwa katikati ya kazi ya mteja, na si mara ya kwanza wiki hii. Wengi humu tulianza mambo haya Machi 2020 korona ilipoingia nchini, na wengine hatukurudi ofisini tena. Mnajipangaje?

Mama Kevo
Afadhali stima kuliko watu. Ploti nzima inajua nipo. Huyu ananiachia ufunguo, yule anataka nimpokelee mtungi wa gesi, fundi wa bomba ni mimi wa kumfungulia. Lakini siku iliyonitoa machozi ni siku ya maji. Kwetu Kahawa West maji ni ya mgao, na yakija hayangoji mtu. Nilikuwa kwa Zoom na wakubwa wangu wa London, zamu yangu ya kueleza hesabu za robo mwaka imefika. Nje nikasikia "Maji yamekuja!", ndoo zikaanza kugongana ngazini. Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Murang'a. Akaingia bila kubisha, akasimama nyuma yangu, leso kiunoni, beseni mkononi, kamera inamwonyesha kifua kwenda chini. "Mama Kevo, wenzako wanachota maji na wewe umekaa tu kuongea na simu?" Kumjibu mama kwa ukali siwezi, kumwacha bosi siwezi. Nikaendelea kusoma tarakimu huku machozi yananilengalenga. Jioni mume wangu alimkalisha chini akamweleza kwamba karo ya wajukuu wake inatoka kwa hiyo meza. Siku hizi akija, yeye ndiye anayewazuia watu mlangoni: "Yuko kazini, rudi baadaye."

Dada wa Roysambu
Hapo kwa mtungi wa gesi umenigusa kabisa.

Mhasibu Umoja
Dawa ni mpangilio. Kuna mbinu ya Pomodoro, aliibuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Dakika 25 kazi tupu, 5 za kupumzika, baada ya mizunguko minne unapumzika zaidi. Na uvae kama mtu anayekwenda mjini, hadi viatu.

Nyota Pipeline
Kaka, dakika 25 na mtoto wa miaka miwili ndani ya bedsita? Mimi napokea simu za wateja. Simu haingoji nyanya.

Mhasibu Umoja
Mpeleke kwa mama wa kulea watoto mchana.

Nyota Pipeline
Utamlipa wewe? Nyinyi wanaume mnafunga mlango, upande wa pili kuna mtu anawapikia uji.

Mhasibu Umoja
Uji napika mimi, dada. Naamka saa kumi na moja, nawatayarisha watoto, basi la shule likiwachukua ndipo naketi. Usinitie kapu moja na wengine.

Zamu ya Usiku
Mteja wangu yuko New York. Saa tatu asubuhi kwao ni saa kumi jioni kwetu, na Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa kumi na moja. Kwa hivyo nafanya kazi usiku, mtaa umetulia. Usiku mmoja, saa saba, mlango ukagongwa kwa ngumi. Jirani, uchungu umemshika, mumewe yuko safari Mombasa, na taa yangu ndiyo pekee iliyokuwa ikiwaka. Nikamwandikia mteja neno "dharura", nikamshika mwenzangu mkono, ngazi baada ya ngazi kutoka orofa ya tano. Mlinzi wa geti akatutafutia teksi. Hospitali hatukufika. Mtoto alizaliwa kiti cha nyuma, Jogoo Road, dereva ameegesha kando anatumulika kwa simu, mimi nimemfunga mtoto kwa sweta yangu.

Mama Kevo
Weee! Mtoto alikuwa mzima?

Dada wa Roysambu
Kitovu alikata nani?

Zamu ya Usiku
Mzima, analia kwa nguvu. Kitovu walikata wauguzi tulipofika. Mteja aliniongezea siku mbili.

Mhasibu Umoja
Mungu akubariki sana, dada. Hapo hata nyanya inangoja.

Mkazi wa Zimmerman
Hongera kwa kweli. Sasa wadau, stima bado haijarudi huku.

Dada wa Roysambu
Nenda Maktaba ya Taifa pale Community, uketi na wanafunzi, hutasinzia.

Nyota Pipeline
Maktaba na simu za wateja wapi na wapi? Nunua betri ndogo ya ruta. Laptopu ina betri yake, kinachokuangusha ni ruta kuzimika. Na uwe na bando la simu pembeni, faiba nayo hukatika.

Mkazi wa Zimmerman
Hiyo betri nitajuaje inayofaa?

Nyota Pipeline
Geuza ruta, soma kibandiko cha chini. Nyingi ni volti 12, lakini kuna za 9, na ukichomeka isiyo yake unaweza kuiunguza. Linganisha na ampea pia.

Mkazi wa Zimmerman
Yangu ni 12. Naingia mjini sasa hivi.