Makubadhi Jozi Sita

Kikundi: Ukoo wa Barabara ya 12, Ngamiani

JUMAMOSI

Zuhura 16:08
Assalamu alaykum. Wakubwa shikamooni. Jamani leo nimepata! Yule baba wa vitabu vya mtumba anayetandika turubai karibu na soko kaletewa boksi la riwaya za Kiswahili. Nimechukua tatu kwa elfu tisa.

Zuhura 16:09
[Picha]

Zuhura 16:11
Kusadikika ya Shaaban Robert, Kuli ya Adam Shafi, na Mzimu wa Watu wa Kale. Hicho cha mwisho jalada limeliwa na mende lakini ndani kizima.

Shangazi Mwanahamisi 16:15
Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Mzimu wa Watu wa Kale! Huyo ndiye Bwana Msa, yule mpelelezi, wa mwanzo kabisa. Kilitoka 1960. Baba yako na mimi tulikuwa tukinyang'anyana usiku, mwenye taa ndiye msomaji.

Rukia 16:16
Mimi wa kwanza kukiazima. Nimeshasema mbele ya watu.

Juma 16:16
Wa pili.

Zuhura 16:20
Subirini nimalize kusoma na kuchora. Bwana Msa nimemchorea kiko chake tu na moshi, sikuona haja ya kuongeza kitu.
[Picha]

Hassani (Dar) 16:31
Dada, mzigo wako wa nne umo kwenye basi. Peponi ya Gurnah, mpya, bado inanukia wino. Kondakta nimempa namba yako, kamsubiri stendi ya Kange saa mbili usiku.

Zuhura 16:32
Hassani Mungu akuweke 🙏🏾

Juma 16:40
Gurnah si yule wa Unguja aliyepata Nobel? Kumbe anaandika Kiswahili?

Hassani (Dar) 16:44
Ndiye, Nobel ya 2021. Anaandika Kiingereza. Hii aliitoa 1994, ikakaa miaka 28 ndipo Ida Hadjivayanis akaitia Kiswahili. Yaani watu wa pwani wamesubiri muda wote huo kusoma habari zao kwa lugha yao. Nilipoanza kuisoma kwenye daladala nilipitiliza kituo.

JUMAPILI

Zuhura 06:52
Wakubwa shikamooni. Nimekwama na Kusadikika. Nchi inayoelea angani mtu unaichoraje? Nilianza na mawingu, ikawa kama kadi ya harusi, nikachana. Leo alfajiri nimeshuka ufukweni. Kisiwa cha Toten kilikuwa kimekatwa chini na ukungu, miti inaonekana juu, chini hakuna kitu. Nikakaa hapohapo kwenye mawe nikachora.

Zuhura 06:53
[Picha]

Zuhura 06:55
Rangi hiyo ya udongo ni kahawa. Kikombe kilikuwa kimebaki machicha, nikachovya brashi.

Bibi (simu ya Rukia) 07:20
Bibi anasema: pazuri, ila wakazi wa hapo maji wanateka wapi?

Zuhura 07:21
😂 Bibi shikamoo! Kitabu hakisemi.

Bibi (simu ya Rukia) 07:24
Marahaba. Anasema basi wachoree japo mtungi.

Shangazi Mwanahamisi 08:02
Zuhura, nchi hiyo imenipendeza. Chora mtungi, chora na nyumba. Watu usiwachore. Nakuambia kama mtu aliyefundisha kitabu hicho miaka ishirini. Shaaban Robert hakuwapa watu wake sura, kawapa majina. Majivuno akisimama barazani kumshtaki Karama, ushamwona. Kila msomaji ana Majivuno wake anayemjua, wa ofisini kwao au wa mtaani kwao. Ukimtia pua na ndevu umempokonya msomaji wa kwake, umempa wa kwako.

Juma 08:10
Lakini shangazi, mtoto wa darasa la tano akiona picha ndiyo anafungua kitabu.

Shangazi Mwanahamisi 08:13
Afungulie nchi ile inayoelea, inatosha. Na mkumbuke kilitoka 1951, Mwingereza yupo hapa, na mwandishi ni karani wa serikali hiyohiyo. Kakaa forodhani tangu 1926 hadi 1944, halafu akarudi Tanga, ofisi nyingine. Mtu wa Vibambani hapo. Mchana anaandika barua za wakubwa, usiku anaandika nchi ambayo anayeleta wazo jema anafungwa. Ndiyo sababu akaiweka angani. Sura za watu zingemponza.

Zuhura 08:30
Shangazi, sijalifikiria hivyo hata siku moja. Acha nilale nalo.

Zuhura 08:31
Kumbe tena, kitabu changu kurasa za mwisho hazimo. Zimechanwa. Kuna jina la mwanafunzi wa Kidato cha Pili na hesabu za duka nyuma ya jalada.

Shangazi Mwanahamisi 08:50
[Picha]
[Picha]
Hizo hapo, za kitabu changu. Hiyo mistari ya kalamu nyekundu ni yangu, isikushughulishe.

JUMATATU

Zuhura 21:14
Nimekubali hoja ya shangazi. Wajumbe sita wa Kusadikika, wale waliotumwa kwenda kuona nchi nyingine zinavyoishi, wakarudi na mema, wakaishia kifungoni, sikuwachora. Nimechora mlango wa gereza umefungwa, na nje makubadhi jozi sita.

Zuhura 21:15
[Picha]

Rukia 21:17
Mwili umenisisimka.

Hassani (Dar) 21:19
Hii niitie fremu. Sitanii, nitalipa.

Juma 21:22
Mbona jozi moja ina tope mpaka kwenye gidamu na nyingine nyeupe pe?

Zuhura 21:24
Yenye tope ni ya aliyetumwa Ardhini. Nyeupe ni ya aliyetumwa Mbinguni, nikawaza huko vumbi halipo. Hao wanne waliobaki nimewakata visigino tofauti, huyu anakanyagia nje, huyu ndani.

Shangazi Mwanahamisi 21:40
Nimeitazama muda mrefu. Sina neno, mwanangu. Gidamu ya jozi ya tatu umeikata makusudi?

Zuhura 21:41
Makusudi.

Shangazi Mwanahamisi 21:41
Haya.

JUMATANO

Zuhura 19:05
Peponi nimefika nusu. Kijana Yusuf, miaka kumi na miwili, baba yake ana deni kwa tajiri, basi mtoto anachukuliwa yeye. Mwenyewe hajui, anadhani anakwenda kutembea kwa ami. Nimeshindwa kuchora chochote cha safari ile ya treni. Nimechora bustani ya tajiri, yenye bwawa katikati na vioo mitini.
[Picha]

Bibi (simu ya Rukia) 19:30
Bibi kauliza mti huu gani.

Zuhura 19:31
Mkomamanga, Bibi.

Bibi (simu ya Rukia) 19:36
Anasema huo mwembe. Mkomamanga hausimami na shina moja nene namna hiyo, unatoa vijiti vingi toka chini, una miiba, na tunda likikomaa tawi linainama. Uje uutazame ule wa uani kwa mama Zena. Anasema pia tajiri atakayetundika vioo mitini ana mtu wa kumchunga humo ndani.

Hassani (Dar) 19:40
Bibi hajakisoma na keshaushika mkia! Zuhura usijibu, usimharibie.

IJUMAA

Zuhura 17:48
Kuli nimemaliza leo baada ya Ijumaa. Nimesoma mgomo ule wa Unguja wa 1948 huku moyo unadunda. Nimemchora Rashidi, kuli mwenyewe wa kitabuni, akiwa bandarini. Ami Salim, hii nakuwekea wewe hasa, maana umefanya kazi bandarini kwetu.
[Picha]

Juma 17:50
Duh! Mwili wote misuli.

Rukia 17:51
Na chozi lile shavuni 😢

Zuhura 18:30
Ami umeiona? Alama mbili za bluu ziko hapa.

Ami Salim 19:22
[Ujumbe wa sauti, 4:37]

Juma 19:24
Niko kwenye kelele, mwenye nafasi atuandikie.

Rukia 19:58
Nimeandika anavyosema mwenyewe:

"Zuhura mwanangu, hujambo. Picha nimeiona, nimemwonyesha na mama yenu mdogo. Mkono wako mzuri. Sasa nisikilize. Hicho ulichomtwika kichwani ni robota la mkonge, nimeliona na mikanda yake. Robota moja kilo 250. Hakuna mwanadamu wa kulibeba. Lile linafungwa slingi, linanyanyuliwa na winchi. Sisi Tanga meli zilikuwa hazifiki gatini, maji mafupi, zinatia nanga huko nje. Robota linashushwa kwenye tishari, chombo cha kupakilia mizigo, tishari linavutwa mpaka ubavuni mwa meli, ndiyo linapandishwa. Kazi ya mtu ni kulielekeza kwa kulabu na kuomba waya usikatike. Likikuyumbia umekwenda. Na isitoshe hiyo hadithi ya Unguja, mkonge wa Unguja ulitoka wapi? Mtwike gunia.

"La pili, mwili. Umemchora kifua mbele kama mcheza ngumi. Mtu mwenye gunia shingo inasimama wima, magoti ndiyo yanakunjika, hatua fupi, anakwenda kama anakimbia kidogo, maana ukisimama ndipo linakuwa zito. Misuli hiyo hatukuwa nayo. Tulikuwa wembamba.

"La tatu, chozi. Lifute. Sisemi kuli halii. Nimelia, nyumbani. Lakini juu ya ubao, chini maji, nyuma yako yuko mwenzako na mzigo wake, unatazama visigino vya aliye mbele yako. Hivyo tu. Unavihesabu. Miaka kumi na tisa nimetazama visigino vya watu. Mpaka leo nikimwona mtu Makorora kwa nyuma namjua kwa kisigino kabla hajageuka.

"Basi. Salimia nyumbani."

Hassani (Dar) 20:03
Ami. Miaka yote hii hujawahi kutuambia haya.

Ami Salim 20:06
Hamjauliza

Zuhura 20:10
Ami shikamoo, na ahsante. Nimeisikiliza mara tatu. Ulisema unavihesabu visigino, ulikuwa unahesabu mpaka ngapi?

Ami Salim 20:15
Marahaba. Ubao wetu hatua 22. Kurudi mikono mitupu hatuhesabu.

Shangazi Mwanahamisi 20:18
Zuhura, andika tarehe ya leo nyuma ya karatasi, na maneno hayo.

JUMAMOSI

Zuhura 11:37
Nimechora upya. Sikumchora kwa mbele tena, nimekaa mahali pa aliye nyuma yake. Gunia, shingo, magoti, na visigino vya watatu walio mbele juu ya ubao. Chini maji.

Zuhura 11:38
[Picha]

Rukia 11:40
Huyu sasa anatembea kweli.

Juma 11:41
Uso hauonekani na bado najua kachoka.

Bibi (simu ya Rukia) 11:55
Bibi kaichukua simu, haongei. Kanirudishia sasa hivi. Anasema mguu wa kushoto ule ni wa marehemu babu yenu.

Zuhura 11:56
Bibi, sikumjua babu. Nimechora kutokana na maneno ya ami.

Ami Salim 12:20
Hapo sawa. Ubao uongeze vipande vya kukanyagia, vijiti vimepigiliwa kukingama, la sivyo mvua ikinyesha wote wameteleza. Na gunia halikai kichwani kavu. Mtilie ngata.

Zuhura 12:21
Ya kitambaa au ya majani ya mgomba?

Ami Salim 12:24
Kitambaa. Shuka kuukuu