"OFA YA MANESI, PUNGUZO 40%": punguzo gani linalozidi bei ya Kariakoo?

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, acheni kwanza niteme nyongo.

Mimi ni nesi, niko leba, hospitali ya umma hapa Dar. Waliowahi kusindikiza mgonjwa leba wanaelewa. Ukiingia usiku unasimama mpaka kunakucha, sakafu ni terazo, na kukaa ni pale unapojaza patografu (ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama), tena ukisikia "sista, mtoto anakuja!" kalamu inabaki mezani. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia viatu ni urembo. Kwetu kiatu ni kifaa cha kazi kama glovu na mkasi.

Sasa kila ikikaribia tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, mitandaoni kunachafuka. "OFA YA MANESI." "Viatu vya medikali." "Othopediki, simama saa 24 bila kuchoka." Picha ni ya dada wa Kizungu kavaa skrabu, anacheka meno yote nje (huyo naye sijui ameshakanyaga wodi gani). Bei ya 125,000 imekatwa mstari, chini yake kwa maandishi mekundu 75,000. Sharti: tuma picha ya kitambulisho cha kazi au leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ili "uthibitishwe" kuwa wewe ni nesi kweli.

Nikathibitishwa. Nikalipa. Boda akaleta boksi, ndani kiatu cheupe kinang'aa, ukikivaa sebuleni unasikia raha kweli, sponji inabonyea vizuri. Hiyo raha haikumaliza mwezi. Soli ikalala upande wa ndani, kisigino kikawa kama chapati iliyokaliwa, na gundi ya mbele ikaanza kuachia. Asubuhi nikiteremka kitandani hatua ya kwanza naikanyagia kidole, kisigino hakigusiki.

Kilichoniwasha zaidi ni hiki. Mwenzangu wa wodi ya watoto kapita Kariakoo, Mtaa wa Congo, kakuta kiatu kilekile, boksi lilelile, nembo ileile yenye spelingi ileile mbovu, kimepangwa juu ya meza. Bei 35,000, na hapo hata hajaanza kuomba apunguziwe!

Nisaidieni hesabu, wenye akili. Nani amewahi kukinunua kwa 125,000? Hiyo bei haikuwahi kuwepo. Imeandikwa ili ikatwe mstari. Nesi anaoneshwa anaokoa elfu hamsini huku anaongezewa elfu arobaini mgongoni, halafu anaambiwa ni shukrani kwa "mashujaa wetu". Shukrani za namna hiyo kaeni nazo.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote, nikatuma picha za soli. Majibu: "Dada bidhaa ikishatoka dukani hairudi, labda una uzito mkubwa." Uzito! Mimi nina kilo 61. Hata ningekuwa na 90, kwani manesi wote wa nchi hii wanatakiwa wawe wembamba ndipo kiatu "cha medikali" kiwabebe? Nilipomjibu akanibloku.

Ninyi wauzaji, ngoja niwaeleze mnachouza, maana wengine nadhani hata hamjui. Ule ulaini mnaousifia kwenye video, mnabonyeza kwa kidole gumba na sponji inarudi polepole, haumsaidii mtu anayesimama zamu nzima. Chini ya unyayo kuna utando mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda mpaka kwenye vidole, ndio unaoshikilia uvungu wa mguu. Ukisimama muda mrefu kwenye sakafu ngumu unavutwa na kuvutwa. Ukichokozeka ndiyo yale maumivu ya kisigino yanayokushika hatua za kwanza asubuhi, ukitembea kidogo yanapungua, kisha jioni yanarudi. Mguu wa hivyo unahitaji kitu cha kuukaza na kuushika mahali pake. Sponji tupu inaufanya uyumbe, misuli ifanye kazi mara mbili, na yenyewe ikishalala hainyanyuki tena.

Na ninyi manesi wenzangu mnaonitumia inboksi "dada ninunue kipi", jibu langu ndilo hili, na halina jina la duka. Shika kiatu nyuma, pale panapokumbatia kisigino, ubinye kwa nguvu. Kikikunjika kama karatasi, rudisha mezani. Kisha kikunje: kinatakiwa kipinde mbele, vidole vinapoanzia, kwa sababu hata mguu hupindia hapo. Kikivunjikia katikati, hakina kitu ndani, hata waandike othopediki kwa dhahabu. Halafu kisokote, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Kiatu cha maana kinakukatalia. Changu kilizunguka bila ubishi wowote, jaribio ambalo huwezi kulifanya kwa kuangalia picha ya Instagram, na ndiyo maana hawa jamaa hawana hata fremu ya duka mtu akaenda kushikashika.

Vuta na ile soli ya ndani. Ikitoka, isimamie peke yake uone kama vidole vimemwagika nje ya ukingo. Vikimwagika, hicho ni chembamba kwako, msibishane na namba. Inayotoka ina faida nyingine: unaweza kuweka ya kununua iliyo imara zaidi, na unaweza kuianika, maana jasho la zamu ya usiku mnalijua. Nendeni kujaribu jioni au mkitoka kazini, miguu ikiwa imeshavimba, na mvae soksi zilezile za kazini. Anayejaribu asubuhi akiwa ameamka vizuri atajikuta saa nane usiku vidole vinalia. Mbele ya kidole kirefu acheni nafasi ya upana wa kidole gumba.

Kuhusu raba za kitambaa cha neti, zile nyepesi za kukimbilia: kwa aliye kliniki au ofisi ya mpango wa uzazi sawa, nyingi zinashika mguu vizuri sana. Leba hapana. Chupa ya mama mjamzito ikipasuka maji yote yanaingia ndani, damu inaingia, na huwezi kupitisha kitambaa chenye klorini ya asilimia 0.5 kwenye neti ukasema umesafisha. Yeboyebo zenye matundu juu nazo vilevile, nazipenda kwa kufutika, ila sindano ikidondoka haichagui. Tafuta kilichofunikwa juu, kinachofutika, na chini soli iwe na mifereji ya kweli, siyo michoro ya kupakwa, kwa sababu sakafu iliyotoka kudekiwa imeshawaangusha wengi na trei mkononi.

Kuna mkuu mmoja atasema hapa chini "nendeni Karume mkachukue mtumba wa Ulaya kwa elfu ishirini". Namjibu kabisa. Mtumba unaweza kukupa kiatu bora kuliko chochote nilichotaja, wazee wa Karume wanajua kazi yao, na mimi mwenyewe ni mteja. Ila kuna siri ya soli za poliurethani (aina ya plastiki ya povu) ambayo muuzaji hakwambii. Soli hizo ni nzuri na hazilali haraka, lakini zikikaa miaka bila kuvaliwa, hasa kwenye joto na unyevu kama wetu wa Pwani, zinaoza kwa ndani. Nje kiatu ni kipya, ngozi safi kabisa, ukishatembea korido mbili soli inamumunyuka vipande vipande. Hapo hakuna gundi ya fundi itakayosaidia. Bonyeza ukingo wa soli kwa kucha kabla ya kutoa hela. Ikiacha unga au ikichanika mistari midogo, mwachie mwenye meza. Tazama pia ilivyoliwa: kama mwenye nacho wa kwanza alikuwa anakanyagia upande, hata wewe kitakupeleka huko.

Hivi mnajua wenzetu walioko Marekani wakisema punguzo la manesi wanamaanisha nini? Mtu anathibitisha leseni yake kwenye mfumo, bei inayopunguzwa ni ileile wateja wengine wanayolipa siku hiyo hiyo dukani, na kisipomfaa mara nyingi ana muda wa kukirudisha. Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, kampuni ya viatu ya Crocs iligawa viatu vya bure kwa wahudumu wa afya wa huko. Hapa kwetu wamechukua neno, wakaacha vitendo.

Hata suala la leseni silimezi. Picha yangu, jina kamili na namba ya usajili viko kwenye simu ya mtu ambaye amenibloku. Vya nini? Kiatu hakihitaji namba ya usajili. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kuna tume yake kabisa. Na kuhusu bei, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bei na ubora wa bidhaa, na wa kupelekewa ni Tume ya Ushindani, FCC. Kwa hiyo ile "ikishatoka hairudi" uliyoipachika chini ya risiti haikupi ruhusa ya kuuza uongo. Skrinshoti ninazo zote, kuanzia tangazo, bei iliyokatwa mstari mpaka hiyo hadithi ya uzito.

Naomba msinitake nitaje duka hadharani kabla sijawasilisha malalamiko, sitaki kesi za mitandao. Mnaotaka kujikinga hamhitaji jina: duka lisilo na mahali pa kwenda kujaribu, linalodai leseni kabla ya kukwambia namba zilizopo, na lenye "ofa ya mwisho leo" kila siku ya Mungu, ni lilelile hata kama jina ni jingine.

Nyongeza, jioni: kwa anayesema "manesi mna posho ya sare, mnalia nini". Mkuu, hiyo posho ndiyo hawa jamaa wanaiwinda, ndiyo maana matangazo yanajaa wakati tunapoipata. Na wewe wa "jifunzeni kuvumilia, bibi zetu walizalisha peku", kamuulize bibi yako magoti yake yakoje leo.

Nyongeza ya pili: muuzaji ameuona huu uzi. Amenipigia kwa namba nyingine, sauti ya upole kama shemeji, eti nifute kwanza ndipo anirudishie nusu. Nusu ya nini? Nimemwambia na nakuandikia tena hapa usome: hela yote, 75,000, picha ya leseni yangu ufute, na boda wako aje achukue mzigo wako. Wiki hii niko asubuhi, natoka saa tisa na nusu. Uzi haufutwi.