Gari limefutwa usajili, limebandikwa karatasi nyekundu kiooni: nani anaongeza muda?

Dereva Mpya:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nipo Ujerumani, na nimefuta usajili wa gari mwanzoni mwa Novemba ili nisilipe kodi na bima hadi Machi. Gari lipo kando ya barabara mbele ya jengo. Leo nimekuta watu wa mji wamebandika karatasi nyekundu kiooni: niliondoe, la sivyo litavutwa kwa gharama yangu. Kwenye simu nimeambiwa niandike barua, dirishani nikaambiwa barua za namna hiyo hazipokelewi pale. Naomba kujua ni nani hasa anaweza kuniongezea muda, na kwa fomu ipi. Halafu HU, ule ukaguzi wa lazima wa gari, inaisha Februari. Jamaa amenipa nafasi kwenye gereji yake, kilomita chache kutoka hapa. Nilitayarisheje likae miezi minne? Ni la petroli, gia za mkono, tairi za majira yote.

Shangazi wa Bima:
Marahaba mwanangu. Gari lililofutwa usajili haliruhusiwi kukaa kwenye barabara ya umma, hata liwe limeegeshwa vizuri namna gani. Kibali cha maegesho cha wakazi hakikusaidii, kile ni cha gari lenye namba iliyo na muhuri.

Lipo zito zaidi ambalo watu hulipita. Ukifuta usajili, mkataba wa bima haufi. Kwa kawaida unaingia kwenye bima ya mapumziko, bila malipo, hadi miezi 18. Inabeba madhara kwa watu wengine, na kama ulikuwa na Teilkasko (bima ya ziada ya gari lako mwenyewe) inabeba pia wizi, moto na dhoruba. Sharti lake ni kwamba gari liwe ndani ya gereji au kwenye uwanja wenye uzio. Likikaa barabarani sharti umelivunja, na tawi likiangukia paa kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Soma AKB yako, yaani masharti ya bima ya gari, sehemu inayozungumzia gari lililofutwa usajili.

HU isikutie hofu. Gari likiwa limefutwa hakuna anayekudai, ila hulisajili tena bila HU iliyo hai. Mwakani chukua namba ya msimu. Miezi inaandikwa kwenye kibao chenyewe upande wa kulia: 04 juu na 10 chini maana yake 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Kodi na bima zinahesabiwa kwa miezi hiyo tu, na hakuna kwenda dirishani kila mwaka. Msimu usipungue miezi 2 wala kuzidi 11, na ukiwa chini ya miezi 6 daraja lako la SF (la miaka bila ajali) halipandi. HU ikiangukia nje ya msimu, unaifanya mwezi wa kwanza wa msimu unaofuata. Nje ya msimu nalo haliruhusiwi kukaa barabarani.

Abiria:
Kilomita chache tu, si mfunge kamba mlivute usiku yaishe?

Shangazi wa Bima:
Usimpotoshe mwenzio, tafadhali. Kuvuta kwa kamba ni kwa gari lililoharibika njiani, kuliondoa kwenye shida. Gari zima lisilo na usajili kulivuta kwa magurudumu yake kunahitaji kibali. Ruhusa ya kulirudisha hadi saa sita usiku ni ya siku ile ile ya kufuta usajili, nayo imeshapita.

Njia ni mbili. Alipakie kwenye trela, akiangalia leseni, maana gari likiwa juu ya trela uzito wa jumla mara nyingi unapita kilo 3,500 na leseni ya daraja B peke yake haitoshi. Au achukue Kurzzeitkennzeichen, namba ya muda ya siku 5. Hiyo inataka eVB (namba ya kuthibitisha bima) ya kwake yenyewe, si ile ya kusajilia gari kwa kawaida, na HU iwe hai. Yake iko hai hadi Februari, kwa hiyo aende sasa. Tangu 2015 namba hizo zinatolewa kwa gari moja lililotajwa, haziazimwi.

Fundi Mzoefu:
Nijibu la kulilaza gari. Safari hiyo moja ya mwisho itumie vizuri, maana kazi nyingi zinataka injini iwe na moto.

Lioshe kabla hujalifikisha gerejini, na nguvu zote ziende chini. Ingiza mpira wa maji ndani ya matao ya magurudumu, papasa kwa vidole ule ukingo wa bati uliojikunja ndani. Hapo ndipo tope lenye chumvi hujibana, na kwa unyevu wa gereji tope hilo linakula bati miezi yote minne bila wewe kuona. Ukimaliza kuosha usiegeshe papo hapo. Endesha kilomita 20 hivi, kanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa zikauke, na ekzosi ipate moto wa kutosha kutoa maji.

Jaza tenki hadi juu, nafasi ya hewa ikiwa ndogo mvuke hauna pa kugandia. Usijaze E10, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli hunyonya maji, na petroli iliyokaa nayo muda mrefu husumbua. Oili badilisha kabla ya kulilaza, si baada. Oili iliyotumika ina maji na asidi zilizotoka kwenye mwako, hutaki zilale juu ya beringi.

Maji ya rejeta yapime kwa refraktometa. Tone moja kwenye kioo chake, elekeza kwenye mwanga, soma mstari. Dawa ya kuzuia kuganda na maji yaliyotolewa madini, nusu kwa nusu, yanalinda hadi karibu nyuzi -37. Usifikirie kwamba dawa tupu ni bora zaidi, peke yake huganda karibu -13, na ukipita asilimia 60 kinga inaanza kushuka. Rangi isikudanganye, pinki mbili za watengenezaji wawili zinaweza zisipatane, kwa hiyo fuata namba ya aina ya dawa iliyo kwenye kitabu cha gari. Maji ya waipa nayo yawe ya -20 angalau, na uyapulize kiooni mpaka yafike kwenye pua za kurushia maji. Watu hujaza chombo wakasahau kwamba ndani ya mpira yamebaki ya kiangazi, yakapasua pua.

Betri ndiyo inayokufa kwanza. Iliyojaa inasoma volti 12.7 baada ya kupumzika saa kadhaa, 12.4 imebaki robo tatu. Karibu na 12.0 iko hoi. Iliyojaa haigandi kwa baridi ya nchi hii. Iliyoisha huanza kuganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, gamba likapasuka. Kama gereji ina umeme, acha chaja ya kisasa inayojizima na kujiwasha, na kama betri ni ya aina ya AGM chaja iwe na hali ya AGM. Kama haina, toa betri uilaze ndani. Kutoa anza na hasi, kurudisha anza na chanya. Kabla ya kuitoa hakikisha buti halifungwi kwa umeme pekee, utajifungia nje.

Handibreki usiivute. Pedi hushikana na diski au ngoma kwa kutu, na masika gurudumu halizunguki. Weka gia ya kwanza na vigingi mbele na nyuma ya tairi. Wenye handibreki ya umeme wasome kitabu, nyingi hujivuta zenyewe ukizima injini. Upepo ongeza nusu bar juu ya kawaida.

Mzee wa Zamani:
Kuongeza upepo hakutoshi, pandisha kwenye stendi tairi zisiguse chini. Na kila wiki washa injini dakika kumi oili izunguke.

Fundi Mzoefu:
Shikamoo Mzee, lakini la injini hapana. Dakika kumi za kusimama hazipashi oili moto wa kutosha kuchemsha maji yaliyomo. Zinatengeneza mvuke mpya kwenye ekzosi, na alternata haijarudisha umeme ulioliwa na stata. Ama uendeshe nusu saa, ambayo huyu haruhusiwi, ama usiiwashe kabisa.

Stendi zinafaa, ila ziwekwe chini ya mikono ya sasipensheni. Zikiwekwa chini ya bodi magurudumu yananing'inia, na bushi za mpira zinakaa zimejipinda miezi yote. Kwa miezi minne upepo wa ziada unatosha.

Dereva wa Lori:
Dizeli mmeisahau. Dizeli ya majira ya baridi iko vituoni 16 Novemba hadi mwisho wa Februari, inapita kwenye filta hadi -20. Ya kiangazi imepimwa hadi 0 tu. Ukilaza gari na tenki la Septemba, nta iliyomo ndani ya dizeli itajitenga, izibe filta, gari lizime kilomita ya kwanza. Msichanganye petroli kama enzi zile, pampu za sasa zinalainishwa na dizeli yenyewe.

Fundi Mzoefu:
Gari lake ni la petroli, amesema mwanzoni. Wengine wafaidike.

Mama wa Watoto Watatu:
Na sisi tunaoendelea kuendesha? Tairi za majira yote zinakubalika au hazikubaliki? Kila mtu ana jibu lake.

Dereva wa Lori:
Tazama ubavuni. Mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, basi zinakubalika. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake ilikwisha 30 Septemba 2024, usimsikilize anayekuuzia kwa alama hiyo. Sheria haina tarehe, inataja hali ya barabara: utelezi, theluji, barafu. Kukamatwa kwenye hali hiyo bila tairi zenye alama ya mlima ni euro 60 na pointi moja ya makosa. Kina cha kisheria ni milimita 1.6, lakini chini ya 4 theluji haishikiki. Upepo upime tairi zikiwa baridi, maana joto likishuka nyuzi 10 unapungua karibu 0.1 bar. Ukibadilisha magurudumu, kaza tena bolti baada ya kilomita 50 kwa spana ya kupimia, kipimo kimo kitabuni.

Abiria:
Haya yote kwa gari kuukuu! Lipakieni melini liende Mombasa, huko halioni chumvi ya barabarani wala karatasi nyekundu. Gari linawashwa asubuhi na kuondoka, basi. Jamani, nyumbani ni nyumbani.

Shangazi wa Bima:
Usukani uko kushoto, mwanangu. Kenya haisajili hayo ila ya kazi maalum, na lililozidi miaka 8 haliingii. Serikali zetu zimeandika hilo wazi, na bado kila mwaka kuna mtu humu anashauri meli.

Mzee wa Zamani:
Sheria hiyo inawaumiza watu wa kawaida. Wakubwa gari zao zinaingia.

Dereva Mpya:
Asanteni sana wote, nimeandika kila kitu. Kesho naenda kuomba namba ya siku 5. Lakini swali la kwanza: kama siku zilizoandikwa kwenye karatasi nyekundu zitaisha kabla sijapata miadi, nani anaongeza muda?

Fundi Mzoefu:
Nilisahau Marder, mnyama mdogo wa porini mfano wa nguchiro. Hata gerejini huingia, na hula waya za plagi na mipira ya rejeta. Tandika wavu wa kuku chini ya injini, hapendi kuukanyaga. Ekzosi izibe kwa pamba ya chuma dhidi ya panya, na funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili Machi usiwashe kabla ya kuitoa.

Mama wa Watoto Watatu:
Wavu huo unaupata wapi, na ukubwa gani?