TV juu ya meko ya kuotea moto, Lushoto: wataalamu mnasemaje?

Mshamba_wa_Magamba
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mzee kastaafu kutoka Tanga mjini, kahamia nyumba ya zamani ya mawe huku Magamba. Sebuleni kuna yale meko ya ukutani, dohani inapanda hadi juu ya paa. Mama kashaamua TV ya inchi 55 ikae juu ya meko, kwa sababu kuta nyingine zimejaa madirisha na kabati lake la vyombo. Mimi naogopa joto. Mwezi wa sita hadi wa nane baridi ya huku si mchezo, kuni za miwati zinawaka tangu magharibi mpaka watu wanakwenda kulala.

Kijana_Raskazone
Wengine huku tunagombania feni, nyie mnaulizia meko sebuleni. Hongereni.

Fundi_Ngamiani
Mkuu, usibishane na mama kwa maneno, pima. Bandika kipimajoto cha chumba kwa selotepu pale TV itakapokaa, washeni moto kama kawaida yenu, baada ya masaa mawili soma. TV nyingi mwisho wake nyuzi 40, kitabu chake kitakwambia. Halafu, juu ya mdomo wa meko kuna rafu iliyochomoza? Rafu ndiyo inayosukuma joto mbele lisipande na ukuta.

Ila mimi naogopa zaidi drili. Nyuma ya ukuta ule kuna njia ya moshi. Ukitoboa ukatokea ndani, moshi unarudi sebuleni pamoja na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, na wazee wamelala. Na kama kuna masizi ukutani juu ya mdomo, ujue moshi unatokea mbele. Hayo masizi yataingia kwenye matundu ya TV.

Mshamba_wa_Magamba
Rafu hakuna. Masizi yapo, mama huyasugua kwa sabuni ya unga na yanarudi. Kipimajoto kimesoma 47.

Bi_Chumbageni
Mwanangu, na shingo je? TV ya inchi 55 ina kimo cha sentimita 70 hivi. Ikianzia mita 1.3 kutoka sakafuni, katikati yake ni zaidi ya mita 1.6. Mtu aliyekaa kwenye kochi macho yake yapo kama mita 1.1. Taarifa ya habari nzima mzee anatazama dari!

Fundi_Ngamiani
Bi mkubwa kasema kweli. Na 47 hiyo imekwisha, hapo haifungwi. Kati ya meko na dirisha pana kiasi gani?

Mshamba_wa_Magamba
Mita 1.5 upande wa kushoto.

Fundi_Ngamiani
Panatosha, TV yako ina upana wa sentimita 123 hivi. Isogeze upande wa dirisha, chukua breketi ya mkono unaokunjuka ili muigeuze kuelekea makochi. Soma uzito wa TV kwanza, breketi iwe na uwezo wa mara mbili yake, maana mkono ukinyooshwa unavuta bolti. Toboa kwenye jiwe lenyewe, usiguse chokaa ya katikati ya mawe. Ya zamani inamomonyoka kama unga na bolti inachomoka. Waya wa umeme na wa king'amuzi upite kwenye tranki (mfereji wa plastiki wa kufichia nyaya) upande wa dirisha, usikatishe dohani.

Mshamba_wa_Magamba
Shukrani fundi. Jumamosi tunatoboa, mama keshakubali baada ya kuisoma ile 47 mwenyewe.