Msaada wa kumnyoa nyumbani mbwa wa manyoya ya kujisokota, niko Tanga

Chumbageni_juu

Wakuu habari za jioni. Nina jike la Poodle chotara, nililetewa na jamaa aliyehamia Arusha. Manyoya yake ni ya kujisokota kabisa, meupe ya krimu, na hayapukutiki kama ya mbwa wetu wa kawaida, yanarefuka tu. Sa hivi macho hayaonekani, na kwapani na nyuma ya masikio yameanza kushikana mafundo magumu. Joto la Tanga mnalijua, na huu unyevu wa bahari ndo unazidisha, mchana kutwa yuko barazani ulimi nje anahema.

Sijapata mtu huku anayenyoa mbwa kama kazi. Wanaoniambia nimpeleke Dar nawashukuru ila manyoya haya yanarudi kila baada ya wiki chache, siwezi kila mara kumpakia kwenye gari mpaka Dar. Nataka nijifunze mwenyewe, nifanye vizuri bila kumuumiza.

Nina mashine ya kunyolea ya watu, ya chaji. Itafaa au ninunue ya mbwa? Namba gani? Naanza kuosha au kunyoa? Mafundo nayatoaje bila kumchana ngozi? Na kuna jirani kanishauri nimnyoe upara kabisa apate ubaridi, ni sawa? Halafu ni mwoga wa kelele huyu, ukiwasha blenda tu kashaingia uvunguni.

Kinyozi_Ngamiani

Mkuu mie kazi yangu ni kinyozi hapa Ngamiani na nyumbani nafuga Poodle, kwa hiyo mashine ya mtu na ya mbwa zote nimezishika. Ya watu usiitegemee kwa mwili mzima. Mota yake ni ya nywele za kichwa cha mtu, manyoya ya Poodle yamebanana mno, itakwama katikati ianze kuvuta badala ya kukata, na mbwa akivutwa manyoya siku ya kwanza, siku ya pili hakupi mwili. Kwa kugusagusa usoni na kwenye nyayo sawa, inasaidia.

Tafuta mashine ya mbwa ya bledi ya kuchomoa, mtindo unaitwa A5. Uzuri wa A5 ni kwamba bledi za Andis, Oster na Wahl za mtindo huo zinaingiliana, ukikosa za kampuni moja unachukua za nyingine. Kama ni ya chaji ijaze kabisa kabla hujaanza mana umeme ukikatika una nusu ya mbwa imenyolewa ndo utaelewa.

Sasa namba, hapa ndo watu wanapochanganyikiwa na wanaharibu mbwa. Saluni mteja akiniambia namba 1 naacha milimita 3, namba 2 milimita 6, yaani namba ikipanda nywele zinabaki ndefu. Bledi za mbwa ni kinyume kabisa, namba ikipanda ndo inakwangua. Namba 10 inaacha kama milimita 1.5, 7F (hiyo F ni bledi ya meno yaliyolingana) inaacha 3 na ushee, 5F inaacha 6 na ushee, 4F 9 na nusu hivi. Namba 40 inaacha robo milimita, hiyo ni ya daktari akiandaa sehemu ya kupasua, usiiweke hata kwenye mfuko wako. Na ukiona bledi ina jino refu jino fupi zimepishana, achana nayo kwa sasa, ngozi laini inaingia kwenye ile nafasi na inachanika. Nunua 10 na 5F, zinatosha kuanzia.

Bledi inapata moto, na hili nalisisitiza kwa sababu mbwa hasemi. Kila dakika chache zima, igusishe upande wa ndani wa kiwiko chako au kwenye mshipa wa mkono, kama wewe inakuunguza basi na yeye inamuunguza. Badilisha bledi au iweke juu ya kigae cha sakafuni ipoe. Mafuta weka ya cherehani, matone machache tu, mashine ikiwa inazunguka, halafu futa. Ya nazi usiweke hata kama yamejaa nyumbani, yanaganda, yananasa vumbi la manyoya, baada ya muda bledi inakuwa nzito.

Ikiisha makali usimpe mnoa visu wa baiskeli. Bledi hizi zinanolewa zikiwa bapa, ya juu na ya chini zilaliane sawasawa, jiwe la kuzunguka linazipinda na hapo umezitupa.

Na mashine ya mbwa iwe ya mbwa, ya watoto iwe ya watoto. Mapunye yanaweza kuhama toka kwa mbwa kwenda kwa mtoto na kurudi. Mie ya nyumbani haijawahi kuvuka mlango wa saluni.

mama_Sahare

Mwanangu huyo Kinyozi kakwambia ya mashine na yote ni kweli, mie nikwambie ya mkono, kwa sababu kunyoa mbwa wa manyoya haya kazi kubwa iko kabla hujawasha hiyo mashine. Wanaoharibu wengi wanakimbilia kunyoa.

Unahitaji brashi ya waya, ile ya pini nyembamba zilizopinda, na kitana cha chuma chenye upande wa meno mapana na upande wa meno ya karibu. Kaa naye chini, anza na mguu wa nyuma, shika manyoya kwa mkono mmoja uyainue, acha mstari mmoja mwembamba chini mpaka uone ngozi, piga brashi huo mstari, shusha mwingine, hivyo hivyo mpaka umefika juu. Ukipiga brashi juu juu mbwa anapendeza kwa macho ila chini kwenye ngozi kumeshikana vilevile. Kipimo chako ni kitana: kikishuka kutoka kwenye ngozi mpaka nchani bila kukwama, hapo pamekwisha. Kikikwama usivute, rudi na brashi.

Fundo dogo litenganishe kwa vidole kuanzia nchani, kidogo kidogo. Fundo kubwa lililolala kwenye ngozi kama mkeka usihangaike nalo na usimtese. Usiingize mkasi chini yake kabisa, ngozi ya mbwa imelegea, inapanda ndani ya fundo na huioni, unakata ngozi ukidhani ni manyoya, na kidonda chake ni cha kushonwa. Chukua bledi namba 10, vuta ngozi ikaze, pitisha taratibu kati ya fundo na ngozi litoke lote. Atakuwa mfupi, hatapendeza picha, lakini manyoya yataota na safari hii utayatunza toka mwanzo. Mbwa akipiga kelele za maumivu ili wewe ubakishe urefu, huko sio kumpenda.

Mpangilio: brashi kwanza, ndo uoge. Maji yakilikuta fundo linakaza zaidi na halifunguki tena. Shampuu iwe ya mbwa, ya watu ina asidi zaidi ya inayotakiwa na ngozi yake, na sabuni ya unga au ya vyombo inamkausha. Suuza mpaka maji yatoke masafi, povu likibaki kwenye mikunjo anajikuna wiki nzima. Halafu mkaushe kabisa, kabisa, taulo halafu draya ya moto mdogo huku unapiga brashi manyoya yanyooke. Ukinyoa yakiwa na majimaji bado yamejikunja, yakikauka yananyanyuka na utaona ngazi mwili mzima. Na ukinyoa kabla ya kuosha, ule mchanga ndo unaokula makali ya bledi. Sie tunaowapeleka baharini Raskazone tunalijua hilo, siku ya bahari ukirudi msuuze kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, chumvi ikikaukia humo inafunga manyoya.

Kunyoa sasa. Asubuhi, kivulini, juu ya meza isiyotikisika uliyotandika kitu kisichoteleza. Bledi ilale bapa kwenye mwili, usiisimamishe ncha. Fuata manyoya yanakoelekea, toka shingoni kwenda mkiani, toka mgongoni kushuka mbavuni, usikandamize, uzito wa mashine wenyewe unatosha. Pa kuogopa ni kwapani, ile ngozi nyembamba inayounganisha paja na tumbo, chuchu, kingo za masikio na ule mshipa wa nyuma ya mguu juu ya kisigino. Hapo mtu wa pili akushikie mguu, wewe ukaze ngozi kwa vidole.

Kuhusu uwoga usianze na kunyoa. Leo mashine iwe imezimwa, mnusishe, mpe kipande cha kuku. Kesho iwashe mbali kidogo huku anakula. Siku nyingine mguse nayo imezimwa, halafu imewashwa lakini upande wa nyuma usiokata, asikie ule mtetemo begani. Akichoka simamisha. Nani kasema lazima amalizike siku moja, nyoa mgongo leo, miguu kesho.

Na jambo moja la ujirani. Huku kwetu majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, nguo mbichi ikiwa kambani ikaguswa na unyoya wa mbwa, mwenyewe inamlazimu aioshe mara 7, moja kwa udongo. Manyoya haya ni mepesi na upepo wetu ndo huo. Nyolea upande usio na upepo, fagia hapo hapo ukiwa bado unaendelea, funga kwenye mfuko. Ukimtunzia jirani yako hilo hata mbwa wako anaishi kwa amani.

Buhuri_mifugo

Nimesoma mifugo pale chuo cha Buhuri hapa Tanga, naomba nijibu la kumnyoa upara.

Usifanye. Mbwa hapozi mwili kwa jasho la ngozi kama sisi, jasho lake liko nyayoni na ni kidogo sana, anapoa kwa kuhema. Kumpunguza manyoya mazito kunasaidia hewa ipite, lakini ukikwangua mpaka ngozi unamwanika juani, na huyu ni mweupe, ngozi nyeupe inaungua. Acha milimita 6 hivi, 5F aliyoitaja Kinyozi ndo saizi. Sehemu ya mafundo itakuwa fupi zaidi, hiyo mfunike kivuli mpaka iote. Joto mlitibu kwa maji safi muda wote, sakafu ya baridi na kutomtembeza saa za jua kali.

Umesema nyuma ya masikio kumeshikana. Angalia sana hapo. Sikio likiwa limebanwa na fundo zito kwa muda, ukiliondoa kwa mkupuo mbwa anaanza kutikisa kichwa kwa nguvu, damu inaweza kuvujia ndani ya ncha ya sikio likavimba. Nyoa sikio mwishoni kabisa, na akianza kutikisa mfungie kitambaa laini kichwani masikio yalale, kisibane koo, umwangalie. Ndani ya sikio kukiwa na harufu mbaya au uchafu mweusi usimimine chochote cha kienyeji, apelekwe kwa daktari. Hawa wa masikio ya kulala yenye manyoya ndani wanapata maradhi ya masikio kirahisi, na unyevu wa huku unachangia.

Ukishamnyoa mpapase mwili mzima, katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Kupe wanajificha humo na pwani hatupumziki nao mwaka mzima. Toa kwa kibanio karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Siku ya kunyoa usimpake dawa ya kuogeshea ya kuua kupe, mikwaruzo midogo usiyoiona itaifyonza. Na zile dawa za ng'ombe za kukadiria kwa kifuniko cha chupa nawaomba watu waache.

Akipata wekundu wa bledi weka kitambaa cha maji baridi. Spiriti ya saluni hapana. Dawa za usingizi za watu ili atulie hapana kabisa, anayehitaji kutulizwa anatulizwa na daktari kwa uzito wake. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa, mana unakwenda kumshika kwenye maumivu, hata mbwa mpole anaweza kuuma. Akikuuma osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali.

Chumbageni_juu

Shikamoo mama, na nyie wakuu asanteni sana, nimesoma mara mbilimbili. Upara nimeacha, na leo nimeanza na brashi kwenye mguu mmoja wa nyuma, ni kweli chini kulikuwa kumeshikana na juu wala haionekani. Mashine nitaagiza. Niulize tu uso na nyayo, macho hayaonekani kabisa na naogopa kukaribisha bledi pale. Na kucha?

mama_Sahare

Marahaba mwanangu. Macho usianze na mashine. Tumia mkasi mdogo wa ncha za duara, mwenzako ashike taya chini kwa mkono mzima, wewe ncha ya mkasi ielekee puani, kamwe isielekee jichoni. Punguza yale yanayoangukia mbele tu aone njia. Akishazoea mashine hata mwezi ujao ndo ujaribu namba 10, toka kona ya jicho kushuka puani, mdomo umeufunga kwa mkono na ngozi ya shavu umeivuta nyuma.

Nyayo, nyoa yale manyoya yaliyofunika vile vinyama vya chini, bledi bapa, usichimbe katikati. Yakiachwa anateleza kwenye vigae na mchanga unajikusanya humo.

Kinyozi_Ngamiani

Kucha kata kidogo kidogo, wako mweupe huenda kucha zake ni angavu utauona mshipa wa damu kwa ndani kama rangi ya pinki, ishia kabla yake. Ukiugusa damu inatoka nyingi, usihamaki, bonyezea unga wa ngano au wanga wa mahindi mpaka ikate. Kama kucha ni nyeusi punguza ncha tu, kila wiki.

Mashine ikifika niandikie humu, nitakuonyesha namna ya kukaza ile bledi na kuipaka mafuta, ni dakika chache na haina malipo.